Sababu Nne za Mashine

Juni 9

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Kurasa za mbele zina mito niliyoichora kwa ajili ya mtihani. Za nyuma ni tupu, na mama hapendi karatasi itupwe. Basi nitaandika humu mambo ya kazi.

Leo ilikuwa siku ya kwanza. Ofisi ya Tvarit iko sokoni, kati ya kinyozi na duka la mbegu la Tapan Kundu. Kila asubuhi gari huleta vifurushi kutoka Siliguri, nasi tunavifikisha kwa wenyewe. Mwenye ofisi ni Kaka Nirmalya Saha, jirani yetu wa zamani. Nilidhani Tvarit ni yake. Akacheka.

"Jina si langu, Sulekha. Jina nimelikodi. Bango, makoti ya njano, mashine, hata wino wa risiti, vyote vinatoka makao makuu Kolkata pamoja na masharti yake. Changu mimi ni hilo paa linalovuja."

Kazi yangu ni kukaa kwenye kompyuta na kushika simu. Simu ndiyo inayonitisha. Leo wateja watano waliniambia, "Unasema?" Mzee Khagen, anayepeleka vifurushi kwa pikipiki, ameshanipa jina: Bi Mnong'ono.

"Bi Mnong'ono," alisema mbele ya wateja, "siku moto ukiwaka humu, utaniita mpaka niwe majivu."

Wote walicheka. Kaka Nirmalya hakucheka. Mchana aliniletea mto wa kukalia kutoka kwao, kwa sababu kiti ni cha chuma. Sikuweza hata kumshukuru kwa sauti ya kusikika.

Juni 12

Nimefundishwa safu nyekundu. Kila kifurushi ni safu moja kwenye mashine, na rangi yake ni nyekundu mpaka kimfikie mwenyewe, hapo inageuka kijani. Saa kumi na mbili jioni nyekundu isibaki hata moja. Ikibaki, makao makuu wanaipunguzia ofisi alama.

Ambacho hakikufika lazima kitajiwe sababu. Mashine inazijua sababu nne: mlango umefungwa, mteja amekataa, anwani haijulikani, mteja ameomba siku nyingine.

Nikauliza, "Na kama hatukwenda?"

"Unasema?"

Nikarudia.

"Hiyo haimo," alisema Kaka Nirmalya. "Chagua ya kwanza. Hizo nyingine tatu, makao makuu wanampigia mteja kuhakikisha. Ya kwanza haina maswali."

Nilichagua ya kwanza. Safu ikageuka kijivu. Ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Juni 13

Mlango umefungwa: viwili.

Juni 18

Mvua za Ashar, mwezi wa masika yetu, zimeanza kwa kweli. Paa la bati linapiga kelele hivi kwamba hata wenye sauti zao wanaulizwa "Unasema?" Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Maji yaliingia kwenye rafu ya chini yakalowesha bunda la kadi za harusi. Mwenye harusi alishitaki Kolkata. Ofisi imeandikiwa kosa. Kaka Nirmalya alinieleza kwamba makosa matatu ya ofisi katika msimu mmoja yanatosha: jina linachukuliwa, anapewa mtu mwingine. Msimu unaishia Agosti.

Mlango umefungwa: vitano. Vyote vya ng'ambo ya mto.

Juni 19

Mlango umefungwa: vitano. Vilevile.

Juni 25

Nimeelewa kuhusu ng'ambo. Kuna visiwa vya mchanga katikati ya mto Torsha ambamo watu wanaishi na kulima. Kikubwa ni Char Dhulia. Kiangazi Mzee Khagen huvuka na pikipiki juu ya daraja la mianzi. Mvua zikija daraja linachukuliwa na maji na inabaki boti. Mzee Khagen hapandi boti. Watu wa Char Dhulia wenye nguvu huja wenyewe kuchukua vitu vyao. Wasiokuja, vitu vinakaa rafuni, mimi naandika kwamba milango yao imefungwa. Mara tatu ikiandikwa, mashine yenyewe inaamuru kifurushi kirudi kilikotoka.

Nadhani Mzee Khagen ni mvivu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema mahali pengine. Anakula bisi za mchele na pilipili mbichi pale mlangoni, ananitania, huku mimi nawafungia watu milango.

Julai 3

Simu ya mteja mmoja imepotea kati ya Siliguri na hapa. Si sisi, lakini ofisi ya mwisho kutia sahihi ni yetu. Kosa la pili.

Kaka Nirmalya hakula mchana. Mkewe alileta wali uliopikwa na dengu na kipande cha samaki wa ilish kwa ajili ya mvua. Akatugawia sote, yeye akabaki anaitazama kalenda.

Julai 4 hadi 10

Mvua. Mlango umefungwa: vitatu, sita, sita, vinne, saba, saba, tisa.

Julai 14

Mama ameuliza kazi ikoje. Nikasema nzuri. Akasema, "Unalala umekunja ngumi." Nikasema ni baridi ya mvua.

Julai 19

Kati ya vya Char Dhulia leo kuna kisanduku kidogo, chepesi, kinacheza kama bisi kwenye kopo. Jina: Rahima Bewa. Nilikitikisa mara mbili kwa kupenda mlio wake.

Mlango umefungwa: vinane.

Julai 21

Mlango umefungwa: vinane.

Julai 23

Mlango umefungwa: saba. Mmoja alikuja kuchukua mwenyewe, amelowa mpaka kifuani. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Julai 24

Gari la jioni limechukua vifurushi vitatu vya kurudishwa. Rafu imepata nafasi.

Julai 26

Sijui nianzie wapi, basi naanza na miguu yake, kwa sababu ndiyo niliyoiona kwanza. Ilikuwa na tope jeupe la mtoni hadi magotini. Alisimama mbele ya meza yangu, mwanamke wa makamo, sari yake nyeupe ya ujane imelowa, ameshika simu ya mkononi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mimi Rahima," alisema. "Kuna sanduku langu hapa. Ujumbe umekuja kwenye simu. Nimesomewa na mwalimu."

Niliitazama mashine ingawa nilikuwa najua.

"Limerudishwa, mama."

"Unasema?"

"Limerudishwa. Juzi."

Alitoa simu mfukoni akaniwekea mezani, ujumbe wetu ukiwa wazi. "Mwalimu amesoma mlango umefungwa. Amesoma mara tatu, tarehe tatu. Mimi nimekuja kuuliza: mlango gani?"

Niliangalia vitufe vya mashine.

"Nauliza kwa wema, mwanangu. Nyumba yangu ni ya mabua ya juti. Mlangoni kuna gunia. Kufuli sijawahi kununua tangu nizaliwe. Nani alikuja akakuta nimefunga?"

Mzee Khagen alikuwa mlangoni. Aliacha kutafuna. Kaka Nirmalya akatoka nyuma akafuta mikono.

"Dada, keti kwanza," alisema. "Ndani kulikuwa na nini?"

"Dawa za Nasrin. Binti yangu. Ana kifafa. Zinatoka duka la hospitali Kolkata kila baada ya miezi miwili. Maduka ya hapa hawana, nimezunguka yote matatu kabla ya kuja kwenu. Amebakiwa na vidonge vinne. Tangu juma lililopita nampa nusu asubuhi, nusu jioni."

Nilikumbuka ule mlio. Nilikuwa nimetikisa dawa za mtu kama kayamba.

Kaka Nirmalya alisema ataagiza upya Kolkata kwa gharama yake. Siku kumi. Rahima akasema, "Siku kumi?" Hakupaza sauti. Alihesabu vidole vya mkono mmoja, akafika cha nne, akakikunja.

Nikamwambia Kaka Nirmalya kwamba vya kurudishwa hulala Siliguri siku mbili. Huenda bado kipo pale.

"Najua," alisema.

"Tuwapigie."

"Sulekha." Alinivuta pembeni, karibu na rafu. "Cha kurudishwa hakizuiwi mpaka ofisi ikiri kosa. Umesoma masharti wewe mwenyewe. Ni la tatu hilo. Tutalifunga duka hili wote wanne, mimi, wewe, yule mzee, na mke wangu aliyeuza bangili kwa ajili ya bango lile. Nitamletea dawa. Nitakwenda Kolkata kwa miguu yangu kama ni lazima."

"Siku ngapi?"

"Treni usiku wa kesho, kurudi… siku nne. Tano."

"Ana vidonge vinne vya nusu nusu."

"Unasema?"

Alikuwa amesikia. Niliona kwamba alikuwa amesikia. Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo ili nisirudie.

Nilirudi mezani, nikainua simu. Nilikosea namba, nikaanza tena. Siliguri akapokea mtu anayeitwa Pradhan. Mvua ilikuwa inalipiga bati.

"Naitwa Sulekha Barman," nilisema, "ofisi ya…"

"Unasema? Sauti juu, dada, hapa ni ghalani!"

"Weka simu chini, Sulekha," Kaka Nirmalya alisema nyuma yangu. Alisema taratibu.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, ila nikikaa pumzi haitoshi. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kama mtu anayefukuza ng'ombe kwenye mpunga. Nilitaja namba ya kisanduku, nikasema kizuiwe, ni dawa.

"Kimeandikwa mlango umefungwa mara tatu," Pradhan akasema. "Kinaondoka na gari la asubuhi. Sababu ya kuzuia?"

"Kosa la ofisi!"

"Kosa gani? Lazima niandike."

Soko zima naona lilinisikia. Kinyozi alitoka na wembe mkononi.

"Hatukwenda! Hakuna aliyekwenda! Niliandika mimi!"

Pradhan akasema, kwa sauti ya mtu wa kawaida tu, "Haya. Kitakuja kesho kutwa asubuhi."

Nilipogeuka nilidhani Kaka Nirmalya atanipiga au atanifukuza. Alikuwa anatazama nje, mvua. Rahima alinishika kidevu akaondoka, awahi boti.

Mlango umefungwa: sikuandika. Saa kumi na mbili ilipita na nyekundu sita.

Julai 27

Kaka Nirmalya hakunisemesha. Hakunifukuza pia. Chai ilipoletwa, ya kwangu ilikuwemo.

Julai 28

Kisanduku kimefika. Mto umepita alama nyekundu ya kivukoni, boti zote zimefungwa. Nimekiweka mapajani siku nzima. Sikukitikisa.

Julai 29

Maji hayajashuka. Leo kidonge cha mwisho kimekwisha, kwa hesabu yangu.

Julai 30

Asubuhi mwenye boti alisema atavuka mara moja tu, atakayetaka aje. Nilivaa koti la njano juu ya nguo zangu. Mzee Khagen alisimama kivukoni, amejifunga helmeti ya pikipiki kichwani.

"Unakwenda wapi na hiyo?" mwenye boti alimuuliza. "Boti yangu haina breki!"

Mzee Khagen alipanda, akakaa sakafuni, akafumba macho, akashika ukingo wa koti langu. Hakuliachia mpaka ng'ambo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yanabeba mgomba mzima na mizizi yake.

Katikati ya mto alianza kusema, macho bado kayafumba. "Bi Mnong'ono. Miaka sita nyuma boti ilipinduka hapa. Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilishika mkia wa ng'ombe wa mtu. Tangu hapo sijakanyaga boti."

"Mbona hukusema?"

"Kumwambia nani? Masharti ya Kolkata ni kwamba anayekataa njia anaachishwa siku ileile. Nilimwambia Nirmalya peke yake. Akaniambia, 'Mzee, wewe kaa. Nitajua la kuandika.'"

Kwa hiyo ule uongo nilioufanya kila jioni ulianza kama wema. Alimfichia mzee mmoja hofu yake, na ili aifiche ikabidi afunge milango ya kisiwa kizima. Nimeligeuza jambo hili kichwani kutwa na bado sijui niliweke upande gani.

Nyumba ya Rahima ni ya mwisho, karibu na shamba la juti lililosimama majini. Gunia liko pale alivyosema. Alilifunua kwa mkono, akasimama kando tupite.

"Huu ndio mlango," alisema.

Nasrin alikuwa amelala kwenye jamvi. Ana umri wangu, labda mwaka mmoja zaidi. Mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa chenye manjano. Alianguka jana jioni karibu na jiko, mama yake akiwa kisimani. Mkono uliingia kwenye makaa. Si muda mrefu, Rahima alisema. Muda wa kuacha ndoo na kukimbia.

Nasrin alinitazama koti. "Ndio nyie wa kufuli?" aliuliza. Kisha akacheka kidogo, na nikaona ana jino la mbele lililovunjika, jipya, bado lina ncha.

Mashine ya mkononi inataka sahihi. Rahima aliweka dole gumba. Safu ikageuka kijani. Nimeona safu za kijani mamia tangu Juni na sikuwahi kujua ni ndogo namna ile.

Mzee Khagen alikuwa nje, bado na helmeti, anatapika kwenye juti.

Agosti 2

Kwenye mashine chini ya sababu nne kuna kisanduku cheupe cha maelezo ambacho hakuna aliyewahi kukijaza. Kaka Nirmalya alisimama nyuma yangu saa kumi na mbili. Nikaandika kwenye kila safu: Mto umejaa, hatukwenda. Aliniangalia mpaka ya mwisho.

Alisema tu, "Funga mashine, nenda nyumbani, mvua inakuja." Nilitamani aseme kitu cha kunifanya nicheke.

Agosti 5

Hatukwenda: vinne.

Agosti 6

Hatukwenda: vinne. Kolkata wamepiga simu kuuliza kama mashine yetu imeharibika.

Agosti 13

Barua imekuja. Imeletwa na Mzee Khagen mwenyewe, kwa pikipiki yetu wenyewe, na ikabidi Kaka Nirmalya atie sahihi ya kuipokea. Safu ya kijani. Jina linachukuliwa tarehe ishirini.

Nilisema, "Ni mimi."

"Ndiyo," alisema. Hakunidanganya. Baadaye kidogo akasema, "Kadi za harusi zililoweshwa na paa. Paa ni langu."

Agosti 20

Wamelishusha bango. Chini yake ukuta una rangi ya zamani, ya buluu, na maandishi yaliyofifia: Madaftari na Miavuli, Saha na Wanawe. Mke wa Kaka Nirmalya aliligusa lile neno "Wanawe" akaingia ndani.

Kaka Nirmalya anarudia miavuli. Mzee Khagen atakuwa naye, kutengeneza mbavu zilizovunjika. Nilirudisha mto wa kiti. Akakataa kuupokea.

"Rahima alipiga simu asubuhi," alisema. "Mkono wa yule binti unakauka. Alitaka kuongea na wewe."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mlango umefungwa."

Tulitazamana. Kisha Mzee Khagen akaanza kucheka, akakohoa, nasi tukacheka, na mimi nikalia.

Agosti 27

Jina limekodiwa na Tapan Kundu wa duka la mbegu. Bango lile lile, hatua kumi kutoka lilipokuwa. Alikuja nyumbani kwetu jana kuongea na mama. Anataka mtu anayeijua mashine, na mimi ndiye ninayeijua. Kundu hamtaki Mzee Khagen, eti amezeeka. Mama alisema uamuzi ni wangu. Nilikwenda kumuuliza Kaka Nirmalya nikiwa na aibu ya kufa.

"Nenda," alisema huku anafungua mwavuli kuangalia matundu. "Mto wako wa kiti uko nao, si ndiyo?"

Agosti 31

Siku ya kwanza kwa Bwana Kundu. Ofisi inanuka mbegu za haradali. Paa halivuji. Kuna kijana mpya wa pikipiki, hajui njia, na daraja la mianzi halitajengwa mpaka baada ya sikukuu ya Puja.

Saa kumi na moja na nusu Bwana Kundu alikuja nyuma ya kiti changu, akavuta miwani puani, akahesabu.

"Nyekundu kumi na moja. Za wapi hizi?"

"Char Dhulia."

"Aa, ng'ambo." Alinipiga bega kwa upole, kama mtu anayemrahisishia mtoto. "Basi usihangaike, binti. Weka mlango umefungwa, twende nyumbani."

Mvua ilikuwa inanyesha, bati linapiga kelele. Nilijibu mara moja, na hakuniomba nirudie.

"Kule hakuna milango, Bwana Kundu. Boti ya kesho ni saa tatu asubuhi. Nani anakwenda?"